Sura ya Sita: Meza Ngumu

Meza ya mionzi haina godoro, na si kwamba limesahaulika. Anayelazwa juu yake kwa mara ya kwanza huipapasa kwa kiganja akashangaa: mashine ya mabilioni ya shilingi, kuta nene kama za ngome, kiyoyozi kinachopuliza baridi ya Makambako, halafu mgonjwa analazwa kwenye ubao! Mara nyingi wala si ubao. Ni nyuzi za kaboni zilizosukwa na kugandishwa hadi zikawa nyepesi na imara, lakini mgongo wa mtu aliyekondeshwa na ugonjwa hauijui tofauti hiyo.

Kosa la godoro ni kwamba hubonyea. Leo mgonjwa atazama sentimita moja, kesho nusu, keshokutwa ataegemea upande, na mionzi iliyopangwa ipite kando ya utumbo itapita ndani ya utumbo. Kuna sababu ya pili, nayo haielezwi mara kwa mara. Mionzi yenye nguvu haitui mzigo wake wote pale inapogusa ngozi. Ile ya kobalti hufikia kilele chake nusu sentimita chini ya ngozi. Ile ya mashine za kisasa za LINAC, kwa nishati inayotumika zaidi, hufika sentimita moja na nusu. Ndiyo maana ngozi hupata nafuu kidogo. Mionzi ikitokea upande wa chini ya meza na kukuta godoro nene, kilele kile husogea kuelekea juu ya ngozi. Ulaini wa kitanda ungelipiwa kwa mgongo kuungua.

Basi mgonjwa anatakiwa atulie tuli mahali ambapo karibu kila kitu kimetengenezwa kwa ajili ya shabaha, si kwa ajili ya kutulia. Katika hospitali nyingi bado kuna mazoea ya kuiona starehe yake kama hisani: tukipata nafasi tutampa mto, tusipopata atavumilia, amekuja kutibiwa, hakuja hotelini. Mtazamo huo una kasoro ya kitabibu kabla hata haujawa na kasoro ya utu. Aliyekaza mabega kwa woga husogea, na anayesogea hulengwa vibaya. Aliyeumia jana huchelewa leo, na asiye na pa kulala mjini hukatisha tiba wiki ya tatu akarudi kwao. Saratani haijui sababu ya kukosa siku. Inachojua ni kwamba dozi imepungua.

Woga wenyewe huanzia mbali na mashine, kwenye neno. Mitaani Dar es Salaam watu hawasemi "tiba ya mionzi." Husema "anachomwa mionzi," na wakati mwingine hawafiki hata huko, husema tu "yuko Ocean Road," na msikilizaji anainamisha kichwa. Kuchoma kwa Kiswahili ni kazi ya sindano, ni kazi ya mahindi ya barabarani, na ni kazi ya moto ulioteketeza nyumba. Mgonjwa anayeambiwa kwamba kesho anaanza kuchomwa hulala usiku ule akiwaza ipi kati ya hizo inamsubiri. Hakuna hata moja. Mionzi ikipita haina joto, haina mguso, haina harufu. Mtaalamu anayetumia dakika tano kulieleza hilo kabla ya siku ya kwanza anafanya kazi ambayo kidonge cha usingizi hakiiwezi.

Ocean Road yenyewe, mita chache kutoka baharini na jirani ya Ikulu, ilijengwa na Wajerumani miaka ileile ambayo Wilhelm Röntgen alikuwa ndiyo kwanza amegundua eksirei, Novemba 1895. Baadaye ikawa hospitali ya wazazi, na wapo wazee wa mjini waliozaliwa humo. Mwaka 1996 sheria ya Bunge iliifanya taasisi inayojitegemea ya saratani. Leo tiba ya mionzi inapatikana pia hospitali ya Bugando, Mwanza, lakini kwa Mtanzania wa kawaida jina la barabara ile ya pwani bado ndilo jina la ugonjwa.

Siku ya kwanza mgonjwa hapigwi mionzi ya tiba hata kidogo. Anapimwa. Analazwa kwenye mashine ya picha katika mkao uleule atakaotibiwa nao, na hapo ndipo raha au karaha ya wiki zote zinazofuata huamuliwa. Mwenye saratani ya titi huinua mikono juu ya kichwa ili kwapa na ubavu vifunguke. Kama amefanyiwa upasuaji wa kwapa mwezi uliopita, bega limekaza, na kuulizwa "unaweza kukaa hivyo robo saa?" mbele ya watu waliovaa makoti meupe hupata jibu moja tu: ndiyo, daktari. Ni ndiyo ya adabu. Wiki ya pili mkono unaanza kutetemeka. Vituo vinavyojali humtuma kwanza kwa mtaalamu wa viungo amfundishe kupandisha vidole ukutani kidogo kidogo kila siku, mpaka aweze kuanika nguo kwenye kamba bila kung'ata meno. Akifika hapo, bega liko tayari kwa meza.

Kisha huchorwa. Alama ndogo za wino huwekwa kwenye ngozi ili miale ya taa za kupimia ikutane hapo kila siku. Ulaya na Marekani wengi huchanjwa nukta za kudumu, ndogo kama punje ya ulezi. Kwingineko hutumika kalamu, na mgonjwa huagizwa zisifutike. Agizo hilo limezaa taabu kubwa kuliko wino wenyewe, na tutalirudia.

Wenye saratani ya kichwa au shingo hutengenezewa barakoa. Karatasi nene ya plastiki yenye matundu hulowekwa kwenye maji ya moto hadi ikalegea kama ubani uliotafunwa, ikaachwa ipoe kidogo, kisha ikanyooshwa juu ya uso. Mwanzo ni uvuguvugu, kama kitambaa cha kinyozi. Dakika chache baadaye imekauka na kushika kila tuta la pua na kidevu, na pembezoni imefungwa kwenye meza kwa vibanio. Mgonjwa hawezi kugeuka wala kufungua kinywa vizuri, na wakati mwingine hawezi kufumba macho bila kope kugusa plastiki. Aliyewahi kufungiwa chumbani utotoni, au kunusurika kuzama, hahitaji kuelezwa kwa nini wengine hupiga kelele wafunguliwe. Kuna barakoa zinazoacha macho na mdomo wazi, na kuna mafundi wanaokata matundu pale inapowezekana. Lakini dawa ya kwanza ni ya bure: kumwambia mtu mapema kwamba barakoa hufunguka kwa sekunde chache, na kumfungulia kweli mbele ya macho yake kabla ya kuanza, aone.

Halafu wote wanatoka chumbani.

Hiyo ndiyo sehemu ambayo wagonjwa wengi huitaja kuliko nyingine yoyote. Mlango mzito unafungwa, taa zinapunguzwa, na mtu aliyezoea kuumwa akiwa amezungukwa na mashangazi anabaki peke yake na chuma kinachomzunguka kikivuma. Wafanyakazi wanatoka kwa sababu wao wako pale kila siku kwa miaka mingi, na mionzi kidogo ya kila mgonjwa ingewalimbikia mwilini. Mgonjwa hupata yake na kumaliza. Bila maelezo, hata hivyo, akili hufanya hesabu nyingine: kama ni salama, mbona wamekimbia? Inatosha kumwonyesha kamera na kipaza sauti, na kumwambia ainue mkono akitaka mashine isimame. Wachache sana huuinua, ila wote wanahitaji kujua kwamba wanaweza.

Kwa watoto ujanja huwa wa namna yake. Wadogo sana hulazwa usingizi wa dawa kila siku, jambo linalodai daktari wa usingizi na tumbo tupu tangu alfajiri. Ndiyo maana hospitali nyingi za Ulaya na Marekani huwekeza katika michezo: barakoa hupakwa rangi ikawa ya shujaa wa katuni, mtoto akaletewa mwanasesere naye avalishwe. Vipo vituo vinavyotumia uzi mrefu tu. Mtoto hushika ncha moja mezani, uzi ukapita chini ya mlango na kwenye ujia, na mama akashika ncha ya pili huko nje. Mama akivuta kidogo, mtoto anajua hajaachwa. Katika chumba kilichogharimu fedha za kujengea shule, kifaa kinachomtuliza mtoto kinauzwa duka la cherehani.

Watu wazima nao wana uzi wao, nao ni muziki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 na hospitali moja ya New York uliwafuata wagonjwa 78 wa saratani za matiti na za kichwa na shingo siku yao ya kupimwa. Waliosikiliza muziki walioandaliwa pamoja na mtaalamu wa tiba ya muziki, kwa kuuchagua wenyewe, walipungukiwa wasiwasi kuliko wenzao. Neno la kushika hapo ni kuchagua. Redio iliyofunguliwa na mhudumu kwa ajili ya kujiburudisha yeye si tiba. Anayetaka kwaya apewe kwaya, anayetaka qaswida apewe qaswida, na bibi anayetaka Bi Kidude asiulizwe umri.

Kuna jambo moja ambalo mgonjwa akilisimulia huenda asiaminiwe. Baadhi ya wanaotibiwa kichwani husema waliona mwanga wa samawati macho yakiwa yamefumbwa. Kwa miaka mingi wengi walijibiwa kwamba ni mawazo. Mwishoni mwa 2019 watafiti wa Dartmouth, Marekani, walichapisha picha walizonasa kwa kamera maalumu: mionzi inapopita kwenye ute wa jicho huzalisha kweli mwanga unaoitwa wa Cherenkov, uleule unaong'aa kwenye maji ya vinu vya nyuklia. Mgonjwa alisema kweli. Pengine hakuna faraja kubwa kuliko kuaminiwa.

Kibofu nacho kina hadithi yake. Katika tiba ya shingo ya kizazi au tezi dume, vituo vingi hutaka kibofu kijae, kwa sababu kikijaa husukuma utumbo mwembamba nje ya njia ya mionzi. Agizo ni rahisi kwenye karatasi: kunywa kama nusu lita, subiri nusu saa, ingia. Lakini foleni haisomi karatasi. Mashine inasimama kidogo, mgonjwa wa dharura anatangulizwa, na mwanamke aliyekunywa maji saa mbili asubuhi anakaa kwenye benchi saa nne akiwa amebana magoti, akiogopa kwenda chooni asije akapoteza zamu. Hapo hakuna teknolojia inayokosekana. Anakosekana mtu wa kupita kwenye mabenchi na kusema: sasa kunyweni, nyinyi wengine bado.

Na kama mashine ni ya kobalti, dakika za juu ya meza zenyewe huongezeka mwaka hadi mwaka. Kobalti-60, iliyotumika kutibu saratani kwa mara ya kwanza nchini Canada mwaka 1951, hupungua nguvu kwa nusu kila baada ya miaka mitano na robo hivi. Dozi iliyochukua dakika mbili chanzo kikiwa kipya itachukua nne baada ya muda huo, na nane kikiachwa miaka kumi na nusu. Kwa mwenye maumivu ya mfupa wa nyonga, tofauti ya dakika mbili na nane si ya hesabu. Foleni nayo hurefuka hivyohivyo. Bajeti ya kununua chanzo kipya, inayojadiliwa na watu walioketi kwenye viti vya kuzunguka, ni bajeti ya starehe ya mgonjwa pia.

Kwa nini basi asimalizane na mionzi siku moja akaenda zake? Waganga wa mwanzo walijaribu, na ngozi zikachubuka vibaya. Jibu lilipatikana Paris baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, katika Taasisi ya Radiumu, ambako Claude Regaud alichunguza korodani za kondoo dume. Dozi moja kubwa haikuweza kuzuia uzazi bila kuiharibu ngozi. Dozi ileile ilipogawanywa kwa siku kadhaa, uzazi ulikoma na ngozi ikanusurika. Mwenzake Henri Coutard aliupeleka mgawanyo huo kwa wagonjwa wa saratani ya koo. Tangu hapo mgonjwa huja siku tano kwa wiki, kwa wiki tano au sita, akipokea grei mbili, kama kipimo cha dozi kinavyoitwa, kila siku. Utaratibu unaochosha kuliko wote katika tiba hii ulizaliwa kutokana na nia ya kutomuumiza.

Ngozi haikuacha kulalamika kabisa. Na sasa turudi kwenye agizo la kutofuta alama, ambalo katika vinywa vya watu limegeuka kuwa usioge. Wapo wanawake wanaokaa wiki tano za joto la Dar es Salaam bila maji kugusa kifua, wakijitenga na wajukuu kwa aibu ya jasho. Kumbe swali hilo lilishajibiwa. Jaribio lililochapishwa Uingereza mwaka 1992, na jingine la Quebec, Canada, mwaka 2001, yaliwalinganisha waliooga na wasiooga katika tiba ya titi, na kuoga kwa maji na sabuni laini hakukuongeza madhara; dalili zilielekea upande wa kupunguza. Maji yawe ya uvuguvugu, mkono usisugue, kitambaa kipapase. Alama zikififia, zirudiwe. Kinachotakiwa kuepukwa ni dodoki, jua kali, na mafuta ya kuchua ya jirani mwenye nia njema.

Kuna upofu mwingine hapa, unaowahusu hasa watu weusi. Vipimo vingi ambavyo madaktari duniani hutumia kupima ngozi iliyoathiriwa na mionzi huanza na wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani. Ngozi huzidi weusi, hukauka, huwasha, na mtaalamu anayesubiri rangi ya kitabuni huandika kwamba hakuna tatizo mpaka inapochubuka kwenye kwapa au chini ya titi. Anayeuliza "inawasha? inauma ukivaa?" atajua wiki nzima kabla ya anayetazama tu. Kuhusu mavazi, Waswahili wako mbele tayari: manesi kila mahali hushauri nguo pana, nyepesi, ya pamba, isiyobana kifua. Hiyo ni kanga. Na kanga humsitiri mgonjwa anapotembea kutoka chumba cha kubadilishia hadi mezani, safari ya hatua kumi ambayo kwa mama mwenye heshima zake inaweza kuwa ndefu kuliko barabara ya Morogoro.

Kwa saratani za kinywa na koo, mate hukauka, na ugali unakuwa mchanga. Hapo teknolojia imesaidia kweli. Jaribio la Uingereza lililotangazwa mwaka 2011 lililinganisha mionzi ya kawaida na ile inayokunjwa kufuata umbo la uvimbe na kukwepa tezi za mate: baada ya mwaka mmoja, ukavu mkubwa wa kinywa uliwasumbua asilimia 74 ya kundi la kwanza na asilimia 38 ya la pili. Kwa asiyefikiwa na mashine hiyo, kazi inabaki kwa maji ya chumvi ya kusukutua mara nyingi, uji laini, na dawa ya maumivu inayotolewa kabla ya kula badala ya baada ya kulia.

Lakini mahali ambapo ukimya ni mzito kuliko pote ni tiba ya mionzi ya ndani. Saratani ya shingo ya kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na tiba yake kamili hudai, juu ya wiki za mionzi ya nje, vifaa viingizwe ukeni na ndani ya kizazi ili chanzo kidogo cha mionzi kisogezwe hadi kwenye uvimbe wenyewe. Hurudiwa mara kadhaa. Mwanamke hulala miguu imepandishwa, vifaa vikiwa ndani, wakati picha zinapigwa na hesabu zinafanywa. Ganzi ya uti wa mgongo au dawa za kutuliza huifanya ivumilike. Panapokosekana daktari wa usingizi, wengine hupewa vidonge na maneno ya kujikaza, na kujikaza kwenyewe hubana misuli inayotakiwa ilegee. Aliyeumia mara ya kwanza ana sababu nzuri ya kutorudi mara ya pili, na mara ya pili ndiyo inayoponya. Muda nao una hesabu kali: tiba nzima ya saratani hii ikivuka wiki nane, kila siku inayoongezeka hupunguza uwezekano wa kuudhibiti uvimbe kwa kati ya nusu asilimia na asilimia moja. Dawa ya ganzi iliyoisha stoo inaingia kwenye hesabu hiyo.

Baada ya tiba, wengi hurudi nyumbani na hofu ambayo hawakuiuliza kwa daktari: je, nimebaki na mionzi mwilini? Hapana. Mashine ya nje ikizimwa haiachi kitu, na chanzo cha ndani kinachotumika siku hizi huondoka pamoja na vifaa vyake. Mjukuu apakatwe. Kitandani mambo yanahitaji mazungumzo marefu zaidi, kwa sababu uke hukakamaa na kupungua upana, na ipo namna ya kuuzoeza ili hali hiyo isikolee. Mazungumzo hayo humfaa zaidi nesi wa kike mwenye umri, aliyeketi, mlango umefungwa, kuliko kijana aliyesimama ujiani na faili.

Hata hivyo karaha kubwa kuliko zote haiko hospitalini. Iko stendi. Wiki tano za kutibiwa dakika chache kwa siku ni wiki tano za kulala mahali fulani, na kwa mgonjwa wa Kigoma au Tunduru mahali hapo ni sebuleni kwa binamu ambaye kufikia wiki ya pili ameanza kuuliza unamaliza lini. Marekani iliona tatizo hilo mapema: mwaka 1970 Chama cha Saratani cha huko kilifungua Charleston, South Carolina, nyumba ya kwanza ya kulala bure kwa wagonjwa wanaotibiwa mbali na kwao, na nyingine zikafuata. Waganda walilijua kwa njia chungu zaidi. Mapema 2016 mashine pekee ya mionzi nchini mwao, ya kobalti, iliyokuwa ikifanya kazi hospitali ya Mulago tangu 1995, iliharibika isitengenezeke. Ukafanywa mpango wa kuwatibu wagonjwa 400 Nairobi; nchi nzima iligawanyika kati ya waliobahatika kupanda basi la usiku na waliobaki. Mashine mpya ilizinduliwa Januari 2018. Katika kipindi chote hicho, hakuna mto wala muziki ambao ungemfaa aliyekosa kiti.

Ndiyo maana habari njema zaidi za miaka ya karibuni ni za kufupisha. Kwa wengi wenye saratani ya titi, wiki tano zimeshuka hadi tatu, na mwaka 2020 Waingereza walionyesha kwamba kwa waliochaguliwa vizuri, siku tano za jumla ya grei 26 hazikuzidiwa na wiki tatu katika kuzuia uvimbe usirudi. Kwa mtu ambaye saratani imefika kwenye mifupa, na anachokitafuta ni kulala usiku bila kulia, dozi moja ya grei nane hutuliza maumivu sawasawa na dozi kumi ndogondogo, ijapokuwa wengine huhitaji kurudia baadaye. Anaingia asubuhi, analazwa kwenye meza ngumu, mlango unafungwa, unafunguliwa. Jioni ananunua tiketi. Basi la Kigoma linaondoka alfajiri.